Kununua ploti kwa shirika, maana yake nini hasa?

Hapa Malindi ukikaa barazani jioni hukosi kusikia mtu akisema "ile ploti ya Mambrui tumenunua kwa shirika". Wengi hudhani ni kuchanga pesa tu kisha kila mtu achukue chake. Sio hivyo, na watu wamegombana vibaya kwa kudhani hivyo.

Kwa shirika ni nyinyi wawili, watatu au zaidi mnanunua ardhi moja na majina yenu nyote yanaingia kwenye hati. Kila mmoja ana fungu lake lakini fungu halijakatwa, yaani huwezi kusimama ukasema kuanzia huu mwembe hadi kule ni kwangu, yote ni yenu nyote mpaka mkubaliane kugawa na mumlete sevea, yaani mpima ardhi.

Kwa anayeanza naiona ni njia nzuri kabisa. Pesa yako peke yako haifiki ploti lakini ya watatu yafika, na kubwa kuliko pesa ni kwamba ukiingia na mtu ashanunua mara mbili tatu utajifunza mengi, kwamba sachi, yaani kuangalia kwenye rekodi za ofisi ya ardhi ploti ni ya nani, hufanywa kabla hujatoa hata shilingi, kwamba majirani waulizwe nani hulima pale na tangu lini, kwamba shamba la kilimo lataka kibali cha bodi ya ardhi na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkubaliane, bila hicho kibali makubaliano hayana nguvu. Lakini uzoefu wake usiwe sababu ya yeye kushika pesa zote peke yake, hilo nalisema kwa nguvu.

Sasa sikiza hapa vizuri. Sheria ya usajili wa ardhi ya Kenya ya 2012 inasema kama hati haikueleza mnamiliki vipi, mtahesabiwa mna mafungu sawa. Chukulia ploti ni laki 9, wewe umetoa laki 5, mwenzako laki 2 na nusu, wa tatu laki 1 na nusu, halafu kwenye karatasi mkaandika majina matatu tu kwa sababu nyinyi ni marafiki na mwaaminiana. Kwa hati hiyo kila mmoja ana thuluthi, laki 3. Ukitaka kudai zile laki 2 zako zilizozidi itabidi uende ukathibitishe wewe. Kwa hivyo mwambieni wakili aandike mafungu yenyewe, tano kwa tisa, mbili na nusu kwa tisa, waziwazi. Na yule mzoefu ambaye hakutoa pesa nyingi lakini ndiye aliyeitafuta ploti na kuzunguka ofisini, kama mwampa fungu kwa kazi yake liandikwe nalo pia.

Jengine ni kifo. Mume na mke wanaweza kumiliki kwa namna ambayo mmoja akifa sehemu yake yabaki kwa mwenzake moja kwa moja. Nyinyi marafiki hamuwezi hivyo bila idhini ya mahakama. Mwenzenu akifariki fungu lake laenda kwenye mirathi, kwa hivyo kesho mbia wako ni mjane wake na watoto, labda mmoja yuko shule bado, na ndo mnataka kuuza. Na akiwa hai, hawezi kumuuzia mtu wa nje fungu lake bila nyinyi kukubali kwa maandishi, ingawa nanyi hamna ruhusa ya kukataa bila sababu ya maana.

Pia huku pwani kuna nyumba bila ardhi, mtu anamiliki kuta na paa, kiwanja ni cha mtu mwengine anayelipwa kodi ya ardhi. Wenzako wakikuletea nyumba ya bei rahisi mnunue mkodishe watu, uliza kwanza kama chini pia mnanunua, na jibu mlione kwenye sachi, sio kwa mdomo wa broka.