Goti lililokaza baada ya upasuaji: kulikunja si kulivunja

Hapa Lamu, aliyewekewa goti bandia huambiwa na jamaa: "Tulia, usilikunje mpaka maumivu yaishe." Husemwa kwa mapenzi, lakini huwaumiza wengi. Goti lisipokunjwa wiki za mwanzo, makovu ya ndani yanaweza kulishika likakwama.

Mazoezi yakishindwa, daktari wa mifupa hupima kwanza kama kuna maambukizi au goti limekaa vibaya. Kisha mgonjwa hupewa nusukaputi, misuli hulegea, na goti hukunjwa taratibu hadi makovu yaachie. Hakuna kupasuliwa tena. Hofu ya mfupa kuvunjika ina msingi, ila hutokea kwa nadra, zaidi kwa mifupa dhaifu.

Mara nyingi njia hii hufikiriwa goti lisipokunjika hadi digrii 90, na hufaa zaidi ndani ya wiki 12 baada ya upasuaji. Tafadhali msingoje miezi. Baada ya goti kukunjwa hivyo, mazoezi huanza mara moja, na yanauma kweli. Bila hayo goti hukaza upya.

Kukaa tahiyatu, yaani kukalia miguu iliyokunjwa katika swala, ni jambo jingine. Hata goti bandia lililopona vizuri mara nyingi halikunjiki kiasi hicho, na kuswali kitini si dalili kwamba upasuaji umeharibika.