Je, wajua kwa nini mtoto mwenye pumu ya ngozi (ukurutu) hapaswi kucheleweshewa njugu (karanga) na yai?

Alasiri moja huko Chake Chake, Pemba, nilikaa kwenye ukumbi wa nyumba ambayo hupika kashata za njugu kwa ajili ya wauza kahawa. Bibi mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza amalize kutwanga. Akajifuta mikono kwenye kanga, akampokea mjukuu wake wa miezi sita na kuanza kumpaka mafuta ya nazi mashavuni na kwenye mikunjo ya mikono, pale ngozi ilipokauka, ikakakamaa na kufanya mipasuko midogo. Mtoto alikuwa akijikuna hata usingizini.

Mama yake akaniuliza, "Dada, huyu aanze na chakula gani? Mama kaniambia nisimguse na yai, wala samaki, wala njugu, mpaka atimize miaka miwili. Anasema ngozi yake haitaki."

Jibu la swali lake lilikuwa kwenye mikono ile iliyokuwa ikimpaka mafuta.

Ngozi yenye pumu si vipele vya juu juu tu. Ngozi yenye afya ni ukuta: unyevu haupotei, na vitu vya nje haviingii. Kwenye pumu ya ngozi ukuta huo una nyufa. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, waligundua kwamba baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa filagrini, protini inayoshikanisha tabaka la juu la ngozi. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ya kurithi haionekani sana, lakini nyufa ni zile zile na unyevu hupotea vile vile. Chembe za njugu, yai au samaki zilizoko mikononi, kwenye mkeka, kwenye shuka na hata kwenye vumbi la nyumba hupenya humo.

Kinga ya mwili inatazama sana njia aliyopitia mgeni. Anayepiga hodi mlangoni hukaribishwa, anayeruka ua hupigiwa kelele za mwizi. Chakula kinachopita mdomoni na kufika tumboni hukutana na kinga iliyozoea kupokea, nayo hujifunza kukivumilia. Chakula hicho hicho kikipenya kwenye ngozi iliyovimba na kupasuka hukuta kinga imeshapandwa na hasira, nayo hukiandika kuwa adui. Siku mtoto atakapokionja kwa mara ya kwanza, mwili wake hupigana nacho.

Sasa fikiria mtoto aliyekatazwa njugu kwa miaka miwili ndani ya nyumba inayotwanga njugu kila siku. Mlango umefungwa, ua uko wazi. Ndiyo maana kumchelewesha mtoto kama huyu kwa nia ya kumkinga kunaweza kumletea mzio (aleji) wenyewe.

Bibi hakuwa peke yake katika kosa hilo. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wazazi wa watoto walio hatarini wasubiri: maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka 1, yai mpaka miaka 2, njugu na samaki mpaka miaka 3. Mwaka 2008 chama hicho kikauacha ushauri huo, kwa kuwa haukuonekana kumkinga mtoto yeyote. Wakati huo daktari Gideon Lack wa London na wenzake walikuwa tayari wana mashaka. Mwaka 2003 walionyesha kwamba watoto wengi wenye mzio wa njugu walikuwa wamepakwa, wangali wachanga na ngozi zao zikiwa na ukurutu, dawa za ngozi zilizotengenezwa kwa mafuta ya njugu. Kisha mwaka 2008 wakalinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli. Wa Uingereza, waliokuwa wakinyimwa njugu, walipata mzio wake kiasi mara 10 ya wale wa Israeli, ambao hula vitafunio vya njugu kabla hawajatimiza mwaka.

Jaribio lao la London, lililomaliza ubishi, lilichapishwa mwaka 2015. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai au vyote viwili, waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilikula njugu kila wiki, jingine halikuzigusa. Walipofika miaka 5, asilimia 17.2 ya walionyimwa walikuwa na mzio wa njugu, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliokula. Mimi niliposoma takwimu hizo mara ya kwanza nilihuzunika, maana niliwakumbuka akina mama wote niliowahi kuwaambia, "Subiri kwanza."

Nilipomweleza bibi habari ya mlango na ua hakubishana. Aliinuka akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akarudi kumalizia mkono wa pili. Alifanya sawasawa kabisa. Maji matupu hayaondoi protini ya njugu vizuri, na vile vitakasa mikono vya chupa ndiyo kabisa. Sabuni na maji ndiyo inayosafisha. Mafuta ya nazi hayakuwa na kosa.

Basi kabla ya kijiko, ngozi. Wajapani walichapisha mwaka 2017 jaribio la kuwapa watoto wenye pumu ya ngozi unga wa yai lililopikwa, kiasi kidogo mno, kuanzia miezi 6. Walipofikisha mwaka 1, asilimia 8 ya waliopewa walikuwa na mzio wa yai, na wasiopewa walikuwa asilimia 38. Kinachosahaulika katika habari hiyo ni kwamba watoto wote walikuwa wakitibiwa ngozi zao kwa bidii muda wote. Muogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu na umpake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, tena zaidi ya mara moja kwa siku. Liwa, udi na marashi viwekwe mbali na ngozi yake kwa sasa. Akiandikiwa dawa ya kutuliza uvimbe, itumike kama alivyoelekezwa. Lakini usimchukulie tyubu ya dukani ambayo jirani amesema ni nzuri, kwani nyingine zina nguvu kupita kiasi kwa ngozi changa.

Mtoto mwenye pumu ya ngozi ya wastani huanza chakula kama wenziwe, akitimiza miezi 6, awapo anashika shingo na kukaa kwa kuegemezwa, huku akiendelea kunyonya. Mwenye pumu kali, ile isiyotulia hata kwa dawa, au aliyewahi kuvimba baada ya kula kitu, apelekwe kwanza kwa daktari. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unataka watoto hao wapimwe na waanzishiwe njugu kati ya miezi 4 na 6, na pengine kijiko cha kwanza kiliwe hospitalini. Na kipimo cha mzio cha kuchoma ngozi kwa sindano kikitoka chanya, maana yake ni kwamba mwili umeshakitambua chakula hicho. Bado haina maana kwamba mtoto atadhurika akikila. Nimeona watoto waliofutiwa yai, maziwa, samaki na ngano kwa mpigo kwa sababu ya karatasi moja ya maabara, wakabaki na uji mweupe na kukonda.

Anza na vyakula visivyo na visa: mbatata, boga, muhogo uliopondwa, ndizi. Akivizoea kwa siku chache, leta yai. Lichemshwe mpaka likaze kabisa, kiini na ute, ukaponde punje yake kwenye boga. Njugu zikaangwe, zimenywe, zitwangwe ziwe laini kama siagi, halafu zilegezwe kwa maji ya moto au zikorogwe ndani ya uji. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu tupa, kwa sababu sumu ya ukungu haifi kwa kukaangwa. Njugu nzima wala kashata asipewe, zinaweza kumpalia. Njugu nzima zisubiri mpaka miaka 5. Na asali asionjeshwe kabla ya mwaka 1, si kwa ajili ya mzio bali kwa vijidudu vinavyoweza kumlegeza mwili mzima.

Chakula kipya kiwe kimoja kimoja, asubuhi, siku ambayo mtoto hana homa wala mafua na usafiri wa kwenda hospitali unapatikana. Ukiwa shamba Micheweni, jambo la usafiri si dogo. Mpe kwa ncha ya kijiko, ungoje kama dakika 10, kisha endelea polepole, na ubaki ukimtazama kwa saa 2.

Unatazama nini? Vitabu vingi huandika wekundu, na kwa watoto wetu wekundu hauonekani vizuri. Pumu ya ngozi kwenye ngozi nyeusi huwa na rangi ya kahawia iliyokoza au kijivu, yenye chembe chembe kama za kuku aliyenyonyolewa. Mzio huonekana kwa mabaka yaliyonyanyuka, kwa hiyo mpapase kwa vidole, usitegemee macho tu. Akianza kutapika mfululizo, kukohoa, kukoroma kifuani, kuvimba ulimi au kulegea ghafla, mlaze na umkimbize hospitali. Dawa ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini ya pajani. Sharubati ya aleji hupunguza mwasho, haifungui pumzi.

Ila usiogope kila kipele. Tungule (nyanya), chungwa na ndimu huunguza ngozi ya mdomoni iliyokwisha dhoofika, na mabaka hayo huondoka yenyewe. Mpake mafuta mazito kuzunguka mdomo kabla hajala, uone kama yatarudi.

Akishakula bila tatizo, hapo ndipo wengi hukosea: humwonjesha mara moja, wakafurahi, wakaacha. Kinga huhitaji kukumbushwa. Watoto wa lile jaribio la London walikula kiasi cha vijiko 2 vya chai vya njugu laini, mara 3 kwa wiki, mpaka wakafika miaka 5. Baada ya hapo waliambiwa waache njugu kwa mwaka mmoja, kisha wakaachwa wale wapendavyo, na walipopimwa tena wakiwa na miaka kama 13, matokeo yakachapishwa mwaka 2024, waliokula utotoni waliokuwa na mzio walikuwa asilimia 4.4, na walionyimwa asilimia 15.4.

Yule mama wa Chake Chake hahitaji kununua kitu. Kinu kipo, uji upo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa achote kidogo kabla sukari haijatiwa kwenye kashata, akorogee bakuli la mtoto. Siku akikataa asilazimishwe, ampe kesho yake.