Je, wajua? Jinsi ukoo wa Cecil ulivyodumu katikati ya vichwa vilivyokatwa

Katika Uingereza ya karne ya 16, kuwa mshauri wa mfalme kuliua watu wengi wenye akili. Kardinali Wolsey alifia njiani mwaka 1530 akipelekwa kujibu mashtaka ya uhaini. Thomas More alikatwa kichwa mwaka 1535, Thomas Cromwell 1540, Somerset 1552, Northumberland 1553, hawa wawili wakiwa mabwana walioshika madaraka wakati wa mfalme kijana Edward VI. William Cecil aliwatumikia hao wawili wa mwisho, mmoja baada ya mwingine, kisha akamtumikia Malkia Elizabeth I kwa miaka 40. Akafa kitandani mwake tarehe 4 Agosti 1598, akiwa na miaka 77, tajiri, na mwanawe ameshashika kazi yake. Aliwezaje?

Wengi hujibu kwamba alikuwa mwerevu na mwangalifu. Ni kweli, ila hao waliokatwa vichwa nao hawakuwa wajinga. Ukiyatazama maisha yake kwa karibu, utaona kwamba sehemu kubwa ya siasa yake ilifanyika nyumbani: nani aoe wapi, nani amlee mtoto wa nani, na kijana yupi arithi kazi.

Hakuzaliwa katika ukoo mkubwa. Babu yake, David, alitoka mpakani mwa Wales, akawa mlinzi wa mfalme Henry VII na kuhamia mji wa Stamford. Maadui wa William walipenda kusema kwamba babu huyo alikuwa na nyumba ya wageni tu. Baba yake, Richard, alitunza mavazi ya Henry VIII. Usiidharau kazi hiyo: anayeingia chumbani kwa mfalme hukumbukwa ardhi zinapogawanywa, na Richard alipata mashamba ya kutosha. Hata hivyo maneno ya watu yalimchoma William. Hadi uzeeni alitumia saa nyingi akichora nasaba, akitafuta mababu watukufu wa huko Wales.

Alipelekwa chuo cha St John's, Cambridge, akiwa na miaka 14. Huko alifanya jambo pekee la haraka katika maisha yake yote: alimpenda Mary Cheke, dada wa mwalimu mashuhuri wa Kigiriki, lakini binti wa mjane mwenye duka la mvinyo. Baba alichukia. William akamwoa hata hivyo mwaka 1541, na mwaka uliofuata akapata mtoto wa kiume, Thomas. Mary hakumaliza hata miaka mitatu katika ndoa, akafariki.

Ndoa ya pili, mwishoni mwa 1545, ilikuwa ya hesabu nzuri zaidi. Mildred Cooke alikuwa miongoni mwa wanawake wasomi kupita wote nchini. Alitafsiri kutoka Kigiriki mahubiri ya Mtakatifu Basili na kumtunukia mke wa Somerset, ambaye mumewe ndiye aliyekuwa bosi wa Cecil. Mdogo wake Mildred, Anne, aliolewa na Nicholas Bacon, naye akamzaa Francis Bacon, mwanafalsafa. Kwa hiyo Mildred ni mama mkubwa wa Francis Bacon. Wakati Elizabeth anatawala, Cecil alikuwa Katibu wa Malkia na Nicholas Bacon mtunza muhuri wa taifa, yaani waume wa mtu na mdogo wake walikaa katika baraza moja.

Kabla ya hapo palikuwa na miaka ya kuponea chupuchupu. Somerset alipoanguka mwaka 1549, Cecil alifungwa katika ngome ya London kwa miezi michache. Alipotoka, haukupita mwaka akawa Katibu chini ya Northumberland, mtu yuleyule aliyemwangusha Somerset. Mwaka 1553 mfalme kijana Edward VI alipokaribia kufa, Northumberland alitaka taji limwendee Jane Grey, ndugu Mprotestanti wa mfalme, badala ya Mary Mkatoliki, dada wa mfalme. Cecil alitia sahihi waraka wa mpango huo, halafu mambo yalipogeuka akajitetea kwamba alisaini kama shahidi tu. Chini ya Malkia Mary, mtu huyu aliyekuwa Mprotestanti kabisa alihudhuria Misa. Wapo waliokubali kuchomwa moto kwa imani hiyohiyo. Sioni haja ya kumpamba: Cecil hakuwa na moyo wa kufa shahidi. Ila hakuwa amelala. Tangu 1550 alikuwa akisimamia mashamba ya binti mfalme Elizabeth, na Elizabeth alipotawala Novemba 1558 alimteua Katibu katika siku zake za kwanza.

Kazi zake katika serikali zinajulikana: vita vya kijasusi, kesi ya Mary mwingine, malkia wa Scotland, hazina ya taifa. Kuna na vituko vyake, kama sheria ya mwaka 1563 iliyoifanya Jumatano kuwa siku ya kula samaki ili wavuvi wapate soko na nchi ipate mabaharia. Sheria hiyo ilionya kwamba atakayehubiri kuwa ni mfungo wa dini ataadhibiwa kama mtu anayeeneza habari za uongo.

Lakini cheo ninachokiona kuwa siri ya ukoo wake ni kingine. Mwaka 1561 alipewa usimamizi wa Mahakama ya Walelewa, akaushika hadi kufa. Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mwenye ardhi aliyeipata kwa utumishi wa mfalme akifa na kuacha mrithi mdogo, mlezi wa mtoto si mama wala baba mdogo, ni mfalme. Mfalme naye aliuza haki hiyo: mnunuzi alishika mapato ya ardhi na, kubwa zaidi, alikuwa na haki ya kumchagulia mtoto mchumba. Mtoto akikataa alilipa faini. Aliyeamua nani auziwe yatima gani alikuwa Cecil. Na wale wa familia kubwa kabisa hakuwauza, aliwaleta kwake.

Nyumba yake ya London ikawa kama shule ya mabwana wa kesho. Walipita humo Edward de Vere wa Oxford, Rutland, Essex na Southampton. Walifundishwa Kilatini, Kifaransa, dansi na kumheshimu Cecil. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawa walikua kila mmoja kivyake. Oxford, akiwa na miaka 17, alimuua mpishi msaidizi kwa upanga akiwa anafanya mazoezi, na baraza la wazee wa mahakama likatamka kwamba marehemu alijirusha mwenyewe juu ya ncha ya upanga. Ukitaka kujua nguvu ya mlezi, iko hapo.

Mwaka 1571, mwaka ambao Cecil alifanywa Lord Burghley, binti yake Anne aliolewa na huyohuyo Oxford, mbele ya Malkia. Bwana harusi alikuwa na miaka 21, bibi harusi 15. Mjukuu wa mtunza nguo ameingia katika ukoo wa kale kuliko karibu wote nchini! Furaha haikudumu. Oxford alisafiri Italia, akarudi mwaka 1576 akiwa na shaka kama binti aliyezaliwa akiwa safarini ni wake, akamkimbia mkewe kwa miaka kadhaa. Walirudiana baadaye, lakini Anne alifariki mwaka 1588 akiwa na miaka 31, na Mildred akamfuata mwaka 1589. Mzee akajaribu tena kwa mjukuu huyohuyo aliyetiliwa shaka, akataka aolewe na Southampton. Kijana akagoma, na habari zilizoenea ni kwamba alilipishwa pauni 5,000.

Kwa wanawe, hesabu ilikuwa tofauti. Thomas, mzaliwa wa kwanza, alipelekwa Paris mwaka 1561 kusoma. Alitumia fedha, akafukuzia wasichana, hakuandika barua. Baba aliandika kwa uchungu kwamba mwanawe atarudi mlevi mfujaji, asiyefaa ila kutunza uwanja wa tenisi. Thomas alikuja kuwa askari hodari na mtu wa heshima, lakini baba hakumkabidhi siasa.

Alimkabidhi Robert, mtoto wa Mildred, aliyezaliwa 1563. Robert alikuwa mfupi na mgongo umepinda, katika ikulu iliyopenda vijana warefu wanaojua kucheza dansi. Malkia alimwita mbilikimo bila haya. Baba alimfundisha kazi ofisini kwake na kumwandikia mausia: usimdhamini hata rafiki wa karibu, maana anayelipa deni la mwenzake hutafuta kuanguka kwake mwenyewe, wanao wasivuke milima ya Alps, watarudi na kiburi na ukanamungu, na katika kuchagua mke, jua kwamba uungwana si kitu ila utajiri wa zamani. Mtu aliyehangaika na nasaba maisha yake yote ndiye aliyeyaandika hayo.

Robert alithibitishwa kuwa Katibu mwaka 1596. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Essex, mzuri wa sura, kipenzi cha Malkia, na yatima aliyewahi kulala chini ya paa la baba yake Robert. Mzee alipokufa, Essex alidhani zamu yake imefika. Februari 1601 alijaribu kuinua watu wa London dhidi ya serikali, na mwezi huohuo akakatwa kichwa. Southampton, aliyeshirikiana naye, alihukumiwa kufa lakini akabaki kifungoni. Robert wakati huo alianza kuandikiana kwa siri na mfalme James wa Scotland, na Elizabeth alipofariki mwaka 1603 taji likapita bila kumwaga damu. James alimwita mbwa wake mdogo wa kuwinda, akamlipa vizuri: tarehe 4 Mei 1605 Robert akawa Lord Salisbury, na siku hiyohiyo kaka yake Thomas akawa Lord Exeter. Hata Mahakama ya Walelewa ilikuwa imeshamfikia Robert.

Mwaka 1607 James alitamani nyumba ya Theobalds aliyoijenga mzee William. Robert akaitoa na kupewa Hatfield, akajenga jumba jipya lililokamilika muda mfupi kabla hajafa mwaka 1612. Wazao wake wanalimiliki mpaka leo.

Mmoja wa wazao hao tunamjua hata huku kwetu. Robert Gascoyne-Cecil, Lord Salisbury wa karne ya 19, ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mkataba wa Julai 1890 ulipoipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, nayo Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Waingereza. Alikuwa madarakani pia tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipolipiga mabomu jumba la Sultani mjini Unguja. Alipostaafu mwaka 1902, uwaziri mkuu ulichukuliwa na Arthur Balfour, mpwa wake, mtoto wa dada yake.