Jaribio la kisayansi ni nini, na mwanafunzi hulipangaje?

Jaribio la kisayansi ni kazi iliyopangwa ili kujibu swali moja, kwa namna ambayo jibu linaweza kuja kinyume na ulivyotarajia. Hapo ndipo linapoachana na maonyesho ya darasani. Mwalimu akimimina asidi juu ya chokaa ili wanafunzi waone povu, jibu lilikuwa kitabuni kabla chupa haijafunguliwa. Anayefanya jaribio ana dhanio tu, yaani jibu la kukisia lenye sababu, na kazi yake ameipanga ili dhanio hilo likiwa si kweli, lijulikane.

Mfano mzuri ulitokea Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaingiza yake bila hata kuyachemsha. Mpemba naye, asije akakosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Mwalimu alikosea kumfukuza na swali lake, lakini tuwe wakweli: hadi hapo hapakuwa na jaribio. Maziwa ya wavulana wale yalitofautiana kwa mambo mengi kwa mpigo. Haya yamechemshwa, yale hayakuchemshwa. Kiasi huenda hakikulingana, wala mahali yalipowekwa. Ukisema joto ndilo lililoyawahisha, mtu atakuambia ni kule kuchemshwa, nawe huna la kumjibu.

Baadaye, akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba aliacha maziwa akashika maji. Siku mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, kijana alimuuliza hivi: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, ukaviingiza kwenye friza, cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walimcheka. Walichokosa kuona ni kwamba swali lile tayari lilikuwa mpango wa jaribio. Vyombo vinafanana, ujazo ni sawa, friza ni moja. Kilichobaki kubadilika ni joto la mwanzo peke yake.

Kile unachokibadilisha kwa makusudi huitwa kigeu huru; hapa ni joto la mwanzo. Kile unachokipima, yaani muda wa kuganda, ni kigeu tegemezi. Vingine vyote hushikiliwa visibadilike, na hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka: istilahi wanazo, ila hawaketi kuorodhesha vitu vya kushikilia. Chombo cha moto kikiwekwa juu ya theluji ya friza huiyeyusha, kikakaa karibu zaidi na sakafu yenye baridi kali. Ndiyo maana Osborne, alipojaribu mwenyewe, aliweka bika zake, yaani vyombo vya kioo vya maabara, juu ya kipande cha povu kisichopitisha joto. Tena akafunika maji kwa utando wa mafuta ili aone mchango wa uso wa maji katika kupoteza joto. Kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa.

Kabla ya hapo alikuwa amemwachia fundi wa maabara ajaribu jambo hilo. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia hadi apate jibu sahihi! Kurudia ni wajibu, ila unaamua utarudia mara ngapi kabla hujaanza, na matokeo yote yanaandikwa, yakupendeze yasikupendeze.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969, na ubishi haujaisha. Sehemu yake kubwa inatokana na neno dogo: kuganda. Ni barafu ya kwanza kuonekana, au chombo kizima kuwa barafu, au maji kufika nyuzi 0? Osborne alipima muda hadi kuganda kunapoanza. Mwaka 2016 wanasayansi Burridge na Linden wa Uingereza walipima muda wa kufika nyuzi 0, wakasema hawakuona ushahidi wa kutegemewa kwamba ya moto huwahi. Walionyesha pia kwamba kipimajoto kikitofautiana kimo kwa sentimita moja tu, kinaweza kukuonyesha ushindi ambao haupo. Isitoshe, maji huweza kushuka chini ya nyuzi 0 yakabaki majimaji kwa muda, na muda huo haulingani kila mara.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kulirudia jaribio hili shuleni aandike kwanza katika daftari lake "kuganda" maana yake nini, na kwa kipimo gani. Maji yatoke kwenye ndoo moja, yapimwe kwa silinda ileile ya kupimia ujazo, na vipimajoto vifungwe kwa kimo kimoja katika bika zote. Na kila raundi abadilishane nafasi za bika ndani ya friza, maana upande mmoja huwa na baridi kuliko mwingine.