Wimbo ule ule, mara ya tatu

Bibi yangu mzaa mama alikuja Kampala kutoka Tanga akiwa hajui Kiganda zaidi ya salamu. Tulikaa Nsambya, kwenye kota za reli, na pale Kiswahili ndicho kilichotawala uani: mama wa Kiluo, mama wa Kiteso, mama wa Kinubi na mama yangu walichota maji bomba moja, na hapakuwa na lugha nyingine ya kuwatosha wote. Bibi akazoea upesi. Kazi ilikuja Jumapili moja mjomba alipotukatia tikiti za Ukumbi wa Taifa, twende tukaone mchezo wa Kiganda wenye nyimbo.

Nilikuwa na miaka tisa, nikakalishwa kando ya bibi nimtafsirie. Nikamnong'oneza sentensi baada ya sentensi mpaka koo likanikauka. Halafu yule mwanamke wa kwenye mchezo, ambaye sasa alikuwa amefiwa na mumewe, akaanza kuimba wimbo aliouimba mwanzoni, siku ya harusi yake. Maneno yale yale. Safari hii ngoma zilinyamaza, naye alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, anaimba kama mtu anayehesabu. Nikafungua mdomo nitafsiri. Bibi akaniziba kwa kiganja. "Hapa niache, mjukuu wangu. Hapa naelewa."

Leo ninafundisha sauti na kupanga nyimbo za jukwaani, kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila ninapoulizwa tamthilia ya nyimbo ni kitu gani hasa, mawazo yananirudisha kwenye kiganja kile. Wengi hudhani ni mchezo uliotiwa nyimbo ili watu wasisinzie. Michezo ya namna hiyo ipo, tena tele. Ninayoipenda mimi ni ile ambayo mtu akitoka kidogo wimbo ukiimbwa, akirudi anakuta kisa kimemwacha. Nikiwa ukumbini nasubiri jambo moja: wimbo urudi. Ukirudi vile vile ulivyoondoka, naanza kuangalia saa. Ukirudi umebeba kitu ambacho haukuwa nacho, hapo ndipo ninapokaa sawasawa kwenye kiti.

Bibi hakuhitaji kufundishwa hilo, kwa sababu ngano zake zote zilisimama juu yake. Aliyekulia kwenye ngano anajua: katikati ya hadithi kuna wimbo, na msimulizi hauimbi mara moja. Alikuwa na ngano ya msichana aliyesukumwa mtoni na wenzake, na ndege akatumwa kupeleka habari. Ndege anatua kwanza shambani kwa jirani, anaimba:

*Ndege nenda, ndege tua,*
*mwambie mama maji ni baridi.*

Jirani anamfukuza kwa jiwe, anadhani amekuja kula mtama. Ndege anatua mara ya pili kwa kaka wa marehemu, anaimba hayo hayo. Kaka wanausifu wimbo kuwa ni mtamu, wanaendelea kula. Mara ya tatu anatua uani kwa mama. Bibi alipofika hapo hakuongeza neno hata moja. Alishusha sauti tu, akapunguza mwendo, nasi watoto, tuliokuwa tukiitikia kwa kelele mara mbili za kwanza, tuliitikia kwa sauti ndogo bila kuambiwa. Mama wa kwenye ngano hakuwa bado ameelewa. Sisi tulikwisha kuelewa.

Wenye tamthilia za nyimbo duniani wote wanaishi kwa ufundi huo. Mwaka 2008 nilipata nafasi ya kwenda London kwa kozi fupi, nikajibana kwenye chakula ili nilipe kiti cha juu kabisa, karibu na dari, nione Les Misérables. Ilianzia Paris mwaka 1980 kwa Kifaransa, ikaingia London mwaka 1985, na karibu yote inaimbwa. Mapema kabisa kuna mama anayekufa huku akimuita mtoto wake aliye mbali. Saa moja baadaye, msichana mwingine kabisa anatembea usiku peke yake, anampenda kijana asiyemjali, na sauti ya wimbo anaouimba ni ile ile ya wimbo wa mama aliyekufa. Mwishoni mzee aliyemlea mtoto wa yule mama anakaribia kufa, na sauti ile inarudi mara ya tatu. Hakuna anayesimama kueleza kwamba hawa watatu ni ndugu wa upweke mmoja. Nilishika reli ya chuma iliyokuwa mbele ya kiti changu nikamkumbuka ndege wa bibi.

Wiki iliyofuata nilikwenda ukumbi wa Lyceum kuona The Lion King. Watu hunitazama kwa mashaka nikisema hii niliipenda kwa macho kuliko kwa masikio, lakini ndivyo. Mwongozaji wake, Julie Taymor, aliviweka vinyago juu ya vichwa vya waigizaji badala ya kuwafunika nyuso, kwa hiyo unamwona simba na unamwona mtu anayemcheza simba, wote wawili kwa pamoja. Kwa Mswahili kuna jambo jingine. Kukaa katika ukumbi uliojaa watu wasiojua lugha yako, ukasikia Simba, Rafiki, Pumbaa, na wewe peke yako kwenye safu yako ndiye unayejua kwamba jina la mama yake Simba, Sarabi, ni mazigazi, yale maji ya uongo ya barabarani wakati wa jua kali! Nilijisikia nimeketi nyumbani. Mlio ule wa kwanza unaofungua mchezo, hata hivyo, ni Kizulu, na jirani yangu aliponiuliza unasemaje, ilibidi nimwambie kwamba Afrika ni kubwa.

Sasa, kuna tamthilia inayosemekana kutokea kwetu Uganda. The Book of Mormon ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, mwaka 2011, ikashinda tuzo 9 za Tony, na kisa chake kimewekwa katika kijiji cha kaskazini mwa Uganda. Sijaiona jukwaani. Nimesikiliza rekodi ya nyimbo zake mara nyingi, kalamu mkononi, na kama fundi nakiri kwamba nyimbo zimeshonwa vizuri: kila mmoja unakisukuma kisa. Lakini maneno wanayoimba wanakijiji kama lugha yao si lugha. Si Kiacholi, si Kilango, si Kialuri. Ni sauti zilizobuniwa tu ili zichekeshe. Hilo linaniuma, na sitalificha. Kaskazini ya Uganda ndiko iliko bwola, ngoma ya kifalme ya Waacholi, na larakaraka ya vijana wanaochumbiana; ni nchi ambayo mtoto huambiwa ukoo wake kwa wimbo. Mwaka 2021, baada ya waigizaji Weusi waliowahi kuicheza kuandika barua, watunzi walikaa wakairekebisha sehemu kadhaa. Nashukuru. Bado nasema: anayetaka kuisikia kaskazini ikiimba jukwaani amtafute Robert Serumaga.

Serumaga aliichukua hadithi ya Kiacholi ya shujaa Mwekundu akaifanya Renga Moi, mwaka 1972, kwa miili, ngoma na nyimbo, maneno ya kusema yakiwa machache. Kundi lake liliitwa Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi. Jina hilo peke yake linatosha kueleza walikoanzia.

Na mbele ya Serumaga kwangu mimi anasimama Byron Kawadwa. Huyu nitakaa naye kidogo. Kawadwa aliongoza Kampala City Players, na pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya alitoa mwaka 1971 Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Wankoko. Enkoko ni kuku. Kwa hiyo Wankoko ni kama kusema Bwana Jogoo. Ni kisa cha tamaa ya kiti cha enzi, kimesimuliwa kwa muziki wa Kiganda usiokopa kwa mtu. Angalia alivyokiita: si mchezo wa Wankoko, si hadithi yake, ni wimbo wake. Mwaka 1977 mchezo huo ulikwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu Weusi na Waafrika, kuiwakilisha Uganda. Haukupita muda tangu warudi, watu wa serikali ya Idi Amin wakamchukua Kawadwa kutoka pale pale Ukumbi wa Taifa, nao wakamuua. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1959, nimeingia humo mara zisizohesabika, na sijawahi kupita mlango wake bila kumkumbuka. Mtawala hauogopi wimbo wa kupamba. Ule ulikuwa wimbo wa kufanya kazi.

Wanafunzi wangu huniuliza wimbo unafanywaje urudi ukiwa umebadilika wakati noti ni zile zile. Jibu langu linaanzia mbali, kwenye mara ya kwanza. Mara ya kwanza wimbo uwe mwepesi, uimbwe mahali ambapo mtazamaji ametulia, beti mbili tu, usipande juu sana, ili mtu aweze kuuimba moyoni bila kujua ameukariri. Hapo unaweka akiba. Mara ya pili usiutoe wote: nusu mstari, au mdundo wake tu kwenye engalabi, ile ngoma ndefu ya Kiganda, huku watu wanaongea mambo mengine. Mara ya tatu ndipo wageni kwenye kazi hii wanapoharibu. Wanaongeza. Wanaleta kwaya nzima, wanapandisha ufunguo, taa zote zinawaka. Mimi hupunguza. Natoa ngoma, au nashusha ufunguo mpaka mwimbaji alazimike kuimba karibu na sauti ya kuongea, au naacha noti ya mwisho isifike nyumbani, ibaki hewani, pazia lifungwe.

Lugha nayo ina amri zake. Kiganda kina toni, na urefu wa irabu hubadilisha maana: okusiba ni kufunga kwa kamba, okusiiba ni kushinda kutwa au kufunga saumu. Mtunzi akiivuta irabu isiyovutwa, mwigizaji aliyetakiwa kumfunga mtu kamba ataimba kwamba anashinda naye kutwa. Kiswahili hakina toni lakini kina mkazo, nao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwenye maneno machache ya ukaidi. Jaribu kuimba "barabara" ukiuweka mdundo mkubwa kwenye silabi ya pili ya neno: hutembei tena njiani, unasema mambo yako ni sawasawa. Nimewahi kupewa nyimbo za Kiganda nizitie maneno ya Kiswahili kwa siku tatu, na siku zote tatu nilifuta kuliko nilivyoandika. Sauti ile ilizaliwa na maneno yake. Mara nyingi ni heri kutunga upya kuanzia chini.

Ndiyo maana siwezi kuikubali karioki kwenye jukwaa la tamthilia. Hapa Kampala tuliizoea kwenye baa na kumbi za burudani, mtu anachezesha midomo huku spika ikiimba, na kwa burudani ya usiku sina ugomvi nayo. Wapo walioifanya kwa umaridadi mkubwa. Lakini ilipoingia kwenye michezo ilikwenda moja kwa moja kwenye mshipa. Rekodi haijui kwamba mume amekufa. Inaimba mara ya tatu kama ilivyoimba mara ya kwanza, pumzi zile zile, mwendo ule ule, na mwigizaji aliye hai analazimika kuifuata. Niliwahi kukaa kwenye mchezo mmoja wa namna hiyo, siutaji, ambapo binti aliyekuwa na kipaji cha wazi alianza kulia kwa kweli katikati ya wimbo, na sauti kwenye spika ikaendelea kung'ara juu yake bila kutikisika. Alifuta machozi haraka ili awahi neno linalofuata. Nilitaka kupanda jukwaani nikazime mashine.

Kwenye taarabu jambo hili linajulikana hata kwa asiyesoma muziki. Mama anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji anainuka kwenye mstari uliomgusa, na mwimbaji akimwona anakuja huurudia mstari, huuvuta, humpa. Spika haimwoni mtu akija.

Baraza la mawaziri lilipoamua, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, walimu walianza kunipigia simu: mwalimu, tunataka mchezo wa Kiswahili, njoo na nyimbo. Wengi walitaka nyimbo za kukaribisha wageni. Shule moja ya upande wa Jinja walikubali nijaribu kitu kingine, nikawapa ngano ya ndege. Watoto wengi pale nyumbani husema Kisoga, Kiswahili chao kilikuwa bado kinanukia daftari, na wiki mbili za kwanza waliimba kama wanaosoma ubaoni. Mkuu wa shule akatuletea spika mbili kubwa kwa moyo mweupe kabisa. Nilimshukuru, nikaomba zibaki ofisini.

Aliyemcheza ndege alikuwa binti wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye sauti isiyo kubwa. Mara ya kwanza aliimba huku anaruka, kijana wa ngoma anamkimbiza. Mara ya pili vizuri. Ya tatu, kwenye mazoezi ya Alhamisi, alifika "mwambie mama" akasimama. Nilidhani amesahau, nikainua mkono nimkumbushe. Alikuwa anamtazama mwenzake aliyecheza mama, aliyeshika mtungi, na mwenzake naye ametulia hana hata kope inayocheza. Kijana wa ngoma aliyashusha mafimbo yake polepole mpaka magotini, macho kwenye mdomo wa yule binti, akangoja. Nikaushusha mkono wangu.