Upungufu wa vitamini si jina jingine la nywele kunyonyoka

Katika saluni na maduka ya dawa ya Lamu, kuanzia Langoni hadi Mkomani, maneno "upungufu wa vitamini" yamekuwa jibu la kila unywele unaoanguka. Mwanamke akikuta kitana kimejaa nywele, shoga yake humwambia, "Huo ni upungufu wa vitamini, shoga, kanunue bayotini," yaani ile vitamini inayouzwa kwa vidonge vya nywele. Kijana ambaye nywele za utosini zinapungua kama zilivyompungua babake huambiwa hayo hayo, na mtoto wa chuoni, yaani wa madrasa, mwenye viraka vya mapunye hununuliwa chupa ileile ya vidonge. Watu hao watatu wana maradhi matatu tofauti, na huenda asiwepo hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na vitamini.

Upungufu wa vitamini ni hali ya mwili kukosa kiasi unachokihitaji cha vitamini fulani, ama kwa sababu chakula hakikuileta, ama utumbo haukuifyonza, ama mahitaji yameongezeka, kama ilivyo wakati wa mimba. Neno la kuzingatia hapo ni "fulani". Vitamini zinazotambuliwa ni 13, na kila moja ikikosekana huacha alama zake: ukosefu wa vitamini C huleta kiseyeye, wa vitamini A huleta upofu wa usiku, na wa vitamini D humpindisha mtoto miguu kwa matege. Kwa hiyo anayesema ana "upungufu wa vitamini" bila ya kutaja ni ipi hajasema jambo ambalo daktari anaweza kulitibu.

Linaloudhi zaidi ni kuchanganya upungufu na dalili. Nywele kunyonyoka ni jambo linaloonekana kwa macho. Upungufu ni hukumu inayotolewa baada ya kulinganisha kilichomo mwilini na kinachohitajika, na kwa kawaida hukumu hiyo hutokana na kipimo cha damu, au na historia ya ulaji iliyo wazi kabisa. Hukumu hiyo ndiyo inayoamua kama kidonge kitafaa, kwa sababu kidonge cha vitamini hutibu ukosefu wa vitamini hiyo na si zaidi ya hapo. Birika la msikiti likishajaa, maji unayozidi kumimina humwagika nje. Vivyo hivyo mwili wenye bayotini ya kutosha huitoa ya ziada kwa mkojo, na nywele hazipati faida yoyote.

Bayotini yenyewe ina lawama zake katika mkanganyiko huu. Zamani iliitwa vitamini H, herufi iliyochukuliwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya nywele na ngozi, na ni kweli kwamba aliyepungukiwa nayo hunyonyoka nywele. Lakini upungufu huo ni nadra sana. Ulijulikana kwa watu waliokula ute mwingi wa mayai mabichi kwa muda mrefu, kwa kuwa ute huo una protini inayoishika bayotini isifyonzwe, na yai likipikwa protini hiyo huharibika. Huonekana pia kwa watoto wachache waliozaliwa na kasoro ya kurithi, na kwa baadhi ya wanaotumia dawa za kifafa kwa miaka. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 kwa siku, ilhali vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele mara nyingi vina 5,000 au 10,000. Wingi huo una hatari isiyotajwa dukani: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba bayotini nyingi inaweza kupotosha vipimo vya maabara, vikiwemo vya homoni na kile cha kutambua mshtuko wa moyo. Anayeimeza na amweleze daktari kabla ya kutolewa damu.

Kuna kosa jingine ambalo hata watu waliosoma hulifanya, nalo ni kukiita chuma vitamini. Chuma ni madini, na kati ya virutubisho vyote ndicho kinachostahili kushukiwa kwanza kwa mwanamke anayenyonyoka nywele, hasa mwenye hedhi nzito au aliyezaa mfululizo. Kipimo chake cha akiba huitwa feritini, na akiba inaweza kuwa imekauka huku kiwango cha damu kikionekana kizuri, jambo linalowafanya wengi kurudishwa nyumbani wakiambiwa hawana neno. Hapa mazoea yetu ya mezani yana sehemu yake: chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzaji wa chuma kilichomo katika kunde, dengu na mchicha, wakati ndimu au embe husaidia kifyonzwe. Kuisogeza chai mbele kwa saa moja au mbili hakugharimu kitu.

Vitamini D nayo ina mjadala wake. Hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, na ijapokuwa jua la pwani ni kali, ngozi iliyofunikwa kwa buibui au inayoshinda ndani hailipati. Anayepimwa akakutwa amepungukiwa hana budi kutibiwa, kwa ajili ya mifupa yake kabla ya nywele, kwani ushahidi kwamba vitamini D peke yake hurudisha nywele bado ni dhaifu.

Sasa tumrudie yule mwenye kitana. Kichwa kina nywele zinazokaribia 100,000, na kudondoka 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha hupumzika kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla ya kuanguka na kuupisha mwingine. Mwili ukipata msukosuko mkubwa, kama uzazi, homa kali, upasuaji, au kukonda kwa haraka, nywele nyingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili au mitatu huanguka kwa pamoja. Mzazi hutoka arubaini nywele zake zikiwa kichwani, na zinapoanza kumwagika mtoto amekwisha kujua kucheka, hivyo hakuna anayekumbuka kuulaumu uzazi. Ndivyo ilivyo kwa homa pia. Lamu ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2004, na ugonjwa wa aina hiyo unaweza kumwangusha mtu wiki moja kisha ukamnyonyoa nywele msimu unaofuata. Hali hii haina dawa mahususi. Sababu ikiondoka, nywele hurudi zenyewe katika muda wa miezi sita hivi au zaidi kidogo. Chupa ya vidonge iliyonunuliwa katikati ya kipindi hicho hupewa sifa isiyostahili.

Nywele zikipungua kwenye kingo za paji na juu ya masikio, tazama msuko kabla ya kutazama chakula. Twende kilioni iliyobanwa hadi ngozi ikawaka, au rasta nzito zinazokaa kwa wiki nyingi, huvuta mizizi, na mvuto huo ukiendelea kwa miaka huacha kovu ambalo hakuna kidonge wala mafuta yatakayoliotesha nywele. Dawa yake ni kulegeza msuko mapema. Mapunye ya mtoto wa chuoni ni kuvu, na huhitaji dawa ya kumeza kama griseofulvin kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mafuta ya kupaka hayaufikii mzizi. Upara wa kurithi ndio wenye dawa zinazojulikana zaidi. Minoxidil, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu na kuidhinishwa Marekani kwa nywele mwaka 1988, hupakwa kila siku kwa miezi mingi na faida yake hutoweka ukiiacha. Finasteride ya miligramu 1, iliyofuata mwaka 1997, ni ya wanaume kwa maagizo ya daktari, na mwanamke mjamzito hatakiwi hata kushika kidonge chake kilichovunjika.

Mafuta ya nazi, ya habasoda, ya uwatu na ya mbarika sitayatupa, maana nayatumia. Mafuta ya nazi hupunguza protini inayopotea katika unywele wakati wa kuosha na kuchana, na kwa hiyo hupunguza kukatika. Kukatika si kunyonyoka, na mafuta yanayopakwa juu hayawezi kujaza upungufu ulio ndani.

Aidha ziko vitamini zisizomwagika kama maji ya birika. Vitamini A huhifadhiwa katika ini, ndiyo maana sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa majahazi hupaka mbao, huwa na vitamini hiyo kwa wingi. Na mtu anayejilimbikizia vitamini A kupita kiasi hunyonyoka nywele kwa sababu ya ziada. Madini ya seleniamu nayo ni hivyo hivyo: mwaka 2008 huko Marekani watu 201 waliugua baada ya kunywa kirutubisho cha maji kilichowekewa seleniamu mara 200 ya ilivyoandikwa kwenye chupa, na wengi wao nywele ziliwanyonyoka.

Basi, shoga, usiseme "nina upungufu wa vitamini" kabla ya kupimwa. Sema nywele zinanyonyoka, tangu lini, sehemu gani ya kichwa, na nini kilikupata miezi mitatu kabla yake. Majibu ya maabara yakitoka, upungufu utaitwa kwa jina lake: wa chuma, wa vitamini D, au hakuna.