Kitako cha bunduki: mafuta au vanishi?

Wenye bunduki za zamani huniuliza wapake kitako, yaani mbao ya bunduki, mafuta au vanishi. Kwanza nataka kujua kopo lina nini ndani, kwa sababu mengi ya hayo "mafuta ya kitako" hayafanyi kazi kama mafuta. Tru-Oil ya Birchwood Casey, kwa mfano, ina mafuta ya kitani, lakini ukiirudia mara kadhaa inajenga ngozi inayong'aa juu ya mbao.

Jipimie mwenyewe. Dondosha tone kubwa kwenye kipande cha kioo, uliache siku kadhaa. Mafuta matupu yatafanya makunyanzi juu huku chini yakinata. Vanishi itakauka ngumu, ukucha hauingii.

Mafuta ya kitani hayakauki kama nguo kambani. Yanavuta oksijeni hewani na kugandana polepole, na mabichi yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Kugandana huko kunatoa joto, kwa hiyo kitambaa kilicholowa kikifinyangwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe. Kitandaze nje au kizamishe majini. Kwenye hili sina mzaha na mtu yeyote.

Bunduki za Lee-Enfield za jeshi la Uingereza zilipakwa mafuta mabichi ya kitani, na yaliwafaa: askari aliweza kujipakia upya kambini bila kukwangua chochote. Wasovieti waliweka shelaki, yaani utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwa spiriti, kwenye bunduki nyingi za AK, ndiyo maana zina ule wekundu wa chungwa. Shelaki hukauka upesi, ila spiriti huiyeyusha na maji yakituama huacha madoa meupe. Weatherby, kampuni ya bunduki ya Marekani, walijulikana kwa vitako vinavyong'aa kama kioo, vilivyopakwa poliurethani, vanishi ya plastiki. Hiyo inazuia maji vizuri zaidi, lakini ikikwaruzika, kuificha alama ni kazi kweli.

Kwa bunduki ya kuingia nayo porini nachagua vanishi ya mafuta, niilegeze kwa tapentaini, niisugue kwa msasa wa maji namba 400 hadi ule unga wa mbao uzibe vinyweleo, kisha nifute kinachobaki juu. Mbao inabaki na sura ya mbao, na mkwaruzo unarekebishika.

Kinachoniumiza ni kitako kilichopambwa nje huku ndani kikiachwa kikavu. Unyevu hupenya zaidi pale nyuzi zilipokatwa: chini ya bamba la nyuma na kwenye matundu ya skrubu; hupenya pia katika mfereji wa mbao unamolala mtutu. Masika yakifika mbao inavimba, inausukuma mtutu, na risasi inahama shabaha. Mwenyewe analaumu darubini. Kwa hiyo hakikisha bunduki haina risasi, fungua bamba, upake humo mara mbili tatu kabla ya kushughulikia nje. Na ukishaitia mtutu mafuta ya chuma, isimamishe mdomo ukiangalia chini, la sivyo yatatiririka hadi kwenye shingo ya kitako na kuifanya nyeusi na laini, na hapo hakuna vanishi itakayoshika.